Unga wa Mawe Wenye Nyongeza

Pasaka ya mwaka jana Scolastika aliisali akiwa upande huu wa korongo, na kanisa likiwa upande ule. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi Kuu, maji yakawa yanaviringisha magogo, na hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angetia mguu. Basi mama wa watu akavaa kitenge chake cha sikukuu, akasimama ukingoni na rozari mkononi, akawa anasikiliza nyimbo kutoka ng'ambo. Kila walipoitikia kule naye akaitikia huku, kwa sauti yake ile nyembamba isiyochoka. Wakati wa kutakiana amani Padre alisogea mlangoni, akamwona, akampungia mkono. Amani ilivuka. Komunyo haikuvuka.

Mwaka mzima shemeji yake hakumwachia.

"Shemeji, wewe ndiye Mkristo pekee katika Kishapu nzima aliyepewa amani kwa kupungiwa, kama abiria anayeachwa na basi."

Huyo ni Nkwabi, mdogo wa marehemu mume wake Wiliam. Fundi mwashi, mnene wa tumbo, mwepesi wa mdomo. Na kwa kuwa shemeji ndiye mtu ambaye unaruhusiwa kumtania hadi mwisho wa dunia, Nkwabi aliitumia ruhusa hiyo yote, hakubakiza.

"Na wewe uliyekuwa upande wa kanisa siku hiyo," Scolastika alimjibu, "mbona hukuingia?"

"Nilikuwa namlinda Padre kwa nje."

"Ukiwa umelala."

"Nilikuwa nalinda nimelala."

Wakacheka. Lakini Scolastika alipobaki peke yake hakucheka. Miaka thelathini na minne ya ndoa yeye na Wiliam hawakukosa Pasaka hata moja, hata ile ambayo alikuwa na mimba ya Marcel ya miezi tisa na Wiliam akamsukuma kwa toroli. Wiliam alipofariki, alijiahidi mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu kwamba ataendelea kwenda kwa ajili ya wote wawili. Ahadi imevunjika mwaka wa pili tu, kwa sababu ya maji. Akaiambia ile picha, polepole, kama unavyozungumza na jirani: mwaka huu nitavuka.

Habari njema ni kwamba jumuiya ilikuwa imeanza kadaraja. Kuta za mawe zilikuwa zimesimama pande zote mbili za korongo, nondo zimepatikana, bado zege la kulaza juu. Habari mbaya aliitoa katekista Gregory kwenye kikao cha Januari. Saruji iliyochangwa ni mifuko minane, na hakuna mwingine unaotegemewa kabla watu hawajavuna.

Nkwabi akatikisa kichwa. "Minane? Kwa minane nitawakaangia chapati, si daraja. Nataka kumi. La sivyo tusubiri Julai."

Julai! Julai hata mtoto anaruka lile korongo kwa mguu mmoja. Scolastika alikuwa mtu wa kutazama kwanza na kusema baadaye, na mara nyingi alitazama sana hadi watu wakasahau kuwa yupo.

Wiki hiyohiyo alikwenda uani kwa Dilip, kwenye barabara ya Shinyanga. Dilip anakata mawe makubwa ya milimani kwa msumeno wa umeme, yanakuwa bapa na yanang'aa, watu wanayaweka jikoni na makaburini. Vipande vilivyovunjika alikuwa amemruhusu Scolastika aokote, azungushie kaburi la Wiliam. Alipokuwa anaokota aliona kitu ambacho alikuwa amekiona mara nyingi bila kukijali. Msumeno ule unamwagiwa maji usipate moto, na maji yanaondoka na unga wa jiwe, yanatuama shimoni, halafu vibarua wanachota tope na kulitupa nyuma ya ukuta. Likikauka linakuwa jeupe lenye kijivu, laini kama sembe. Ni chungu zima. Lakini pale pembeni, mahali vibarua wanapooshea toroli la zege, lile tope lilikuwa limechanganyika na mabaki ya saruji, na ardhi ilikuwa imekaa kimya kimya, ngumu, haina hata ufa.

Akachoma kwa kijiti. Kijiti kikavunjika. Akagonga kwa jiwe. Akaazima jembe kwa kibarua, akalipiga pale, jembe likaruka nusura limrudie usoni.

"Mama Marcel!" Dilip alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Unachimba dhahabu uani kwangu? Mwambie Marcel aje na leseni kwanza."

Marcel, mwanawe, ni mchimbaji kule Mwakitolyo, na kila mtu anajua.

"Sitafuti dhahabu, Baba Rohit. Natafuta kujua hapa pamekuwaje pagumu hivi."

Dilip akaacha mzaha, akamweleza. Mtoto wake Rohit ndiye aliyejengea shimo jipya kwa zege lenye unga huo, na shimo halijavuja. Akachukua kopo, akalijaza kokoto, akauliza limejaa? Limejaa. Akamwagia mchanga, ukaingia. Limejaa? Sasa limejaa. Akachota unga wa mawe, akamwaga, akagongagonga kopo. Unga nao ukaingia, ukapotea.

"Huko unakokwenda huu, mchanga haufiki," alisema Dilip. "Zege linashikana, halina vitundu, hata saruji ikipungua. Lakini sikiliza, Mama Marcel. Mchanga ndoo tisa, unga ndoo moja. Moja! Ukizidisha unakunywa maji yote, fundi anaongeza maji, na zege linakuwa biskuti."

"Nikiuchukua, utasema nini?"

"Nitasema asante. Mimi nawalipa watu wauondoe. Chukua mpaka nyumba yangu ionekane kutoka barabarani."

Alirudi na viroba viwili juu ya mkokoteni wa ng'ombe wa Mageni, jirani yake, khanga ameifunga puani na mdomoni maana vumbi lile si la kuvuta, na uso uliobaki wote mweupe. Nkwabi alimwona toka mbali.

"Shemeji! Jumatano ya Majivu bado mwezi mzima, mbona wewe umetangulia?"

"Nimetubu mapema, ili nipate muda wa kukuombea wewe."

Akamweleza alichoelezwa. Nkwabi akachota unga kwa vidole, akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Ugali wa mawe. Sasa kama ni mabaki ya mawe tu tunayoyataka, si Marcel atuletee marudio ya Mwakitolyo, yale waliyokwisha kuoshea dhahabu? Tutavuka juu ya mali."

"Hayo yamepita kwenye zebaki. Watoto wanapita pale miguu mitupu. Huu umepita kwenye maji tu."

Suala likafika kikaoni, na katekista Gregory, mtu mpole anayependa mambo yaishe bila kelele, akapitisha neno: Nkwabi na Mama Marcel wafyatue kipande kimoja cha majaribio bila nondo, kirefu kama mlango wa banda, kwa saruji iliyobaki kwenye kuta na kwa kipimo cha mifuko minane. Kikishika, daraja litamwagwa kwa mifuko hiyohiyo minane kabla ya masika. Kisiposhika, ni Julai.

"Na kikishika," Nkwabi akajitapa mbele ya watu, "Pasaka nakaa benchi la mbele. Na kuimba, naimba."

"Mmesikia wote?" akauliza Scolastika.

"Tumesikia!"

Siku ya kufyatua walichanganya nyuma ya kanisa. Nkwabi alipima saruji, maana kwa saruji hakumwamini mtu. Scolastika alipima unga wa mawe, maana ulikuwa wake. Mchanganyiko ukawa mgumu, mkavu, unavuta sepetu kama uji ulioganda, na Nkwabi akaongeza maji, akaongeza tena. Scolastika aliona maji yanazidi. Akakumbuka neno la Dilip, akajiambia fundi ni fundi. Wakafunika kipande kwa magunia mabichi, na kila siku asubuhi na jioni akakipelekea maji kwa ndoo kichwani, siku kumi na nne.

Jumapili ya kwanza ya Februari, baada ya ibada, kipande kikalazwa juu ya mawe mawili, moja huku na lingine kule, katikati pakiwa wazi. Watu wakazunguka. Nkwabi akavua viatu, akapanda, akakunja suruali, akaanza kucheza bugobogobo, ule mchezo wa majembe, mikono inarusha jembe lisilokuwepo. Hatua ya kwanza, vigelegele. Ya pili, vigelegele. Ya tatu, kipande kikasema *kwaa*, na fundi akajikuta amekaa chini katikati ya nusu mbili, bado mikono iko juu.

Kanisa zima lilicheka, na Nkwabi alicheka kuliko wote. Kisha akamwona shemeji yake. Scolastika alikuwa amepiga magoti, si kwa kusali; alikuwa anaokota vipande, anaviweka kwenye khanga. Nkwabi akaacha kucheka mapema kuliko kawaida yake.

"Shemeji, Julai si mbali," alisema, taratibu.

"Pasaka ndiyo iliyo karibu," alijibu, bila kuinua uso.

Nyumbani alivipanga vile vipande juu ya meza, akavitazama kama anavyotazama mchele wa kuchambua. Ndani vilikuwa na vitundu vidogovidogo, na ukisugua kwa kidole gumba vinapukutika. Biskuti, kama alivyosema Dilip. Lakini aliweka ndoo moja! Aliweka moja kwa tisa, kwa mkono wake mwenyewe, na hawezi kumdanganya Mungu. Basi Dilip ndiye aliyekosea? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, akaenda nalo gulioni Mhunze akiwa na kiroba cha choroko za kuuza.

Akakaa kwenye mkeka wake, sado, lile kopo la kupimia, mbele. Akaja Bernadina, mwanamke wa kwaya, akataka sado nne. Scolastika akachota, akajaza, akatikisa zishuke, akaongeza mpaka juu pakaota kichuguu, akakishikilia kwa kiganja kisibomoke, akamwaga kwenye mfuko wa Bernadina. Kisha konzi nzima ya nyongeza. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Mtu wa kwenu humpimii kwa kufuta. Kipimo kilichofutwa kwa ubao ni cha mtu mnayegombana naye.

"Mayu, wabeja, asante mama," Bernadina akacheka. "Sado nne zako wewe ni tano za wenzako. Utakuja kufa maskini, lakini utazikwa na watu wengi!"

Scolastika alikuwa ameinua konzi ya nyongeza ya sado ya tatu. Mkono ukabaki hewani. Choroko mbili tatu zikadondoka.

"Ee Bwana," alisema.

"Nini, Mama Marcel? Nge?"

"Si nge. Ni mimi."

Maana aliiona ile ndoo. Aliiona waziwazi nyuma ya kanisa: ndoo ya unga wa mawe iliyoota kichuguu, yeye mwenyewe anakipigapiga kwa kiganja kisianguke, halafu anarudi kwenye kiroba kuchota konzi mbili kubwa za nyongeza. Ni kitu cha kanisa, kweli angekipima kwa kufuta? Angemfutia Mungu? Ndoo moja yake haikuwa moja. Ilikaribia moja na nusu.

Hakumaliza kuuza. Alimkuta Nkwabi anapaka lipu nyumba ya watu, akamwita ashuke ngazini.

"Shemeji, nimeua zege."

Akamsimulia. Nkwabi alisikiliza hadi mwisho, akajishika kiuno, akacheka hadi mwiko ukamtoka mkononi.

"Yaani umelitolea zege sadaka! Limeshiba mpaka limepasuka!"

"Cheka, ukimaliza nina swali. Na wewe saruji uliipimaje?"

Kicheko kikapungua.

"Kama kawaida."

"Kawaida ipi? Nilikuona. Ulifuta kwa ubao, halafu ukakwangua tena kidogo, ikawa kidole kimoja chini ya mdomo wa ndoo."

"Shemeji... saruji ni saruji. Kila fundi hukwangua. Mkono umezoea."

"Basi mimi niliongeza na wewe ulipunguza. Na maji uliyamwaga kama unaosha gari. Lingesimama vipi?"

Wakatazamana, mwenye mkono wazi na mwenye mkono mkavu. Nkwabi akajikuna shingo.

"Hilo la maji usilisimulie kwa mafundi wenzangu," alisema.

Katekista akakubali jaribio la pili, la mwisho. Safari hii vipande viwili: kimoja cha kawaida bila unga, kimoja chenye unga, ili mtu asije akalaumu mwezi au kukosa nondo. Scolastika alikuja na ubao ulionyooka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Alijaza ndoo ya unga, kichuguu kikaota, akaweka ubao mdomoni mwa ndoo, na mkono ukagoma. Alihisi kama anamnyang'anya mtoto chakula.

"Futa, shemeji."

"Nafuta."

"Hufuti. Unasali."

"Nafanya vyote viwili." Akafumba macho, akavuta ubao. Unga uliozidi ukamwagika chini. Kisha akageuka. "Na wewe jaza. Kichuguu hapana, kidole hapana. Sawa na mdomo."

Nkwabi naye akajaza saruji hadi mdomoni, akihema kama aliyebeba ng'ombe. Maji akayashika Scolastika mwenyewe, akamimina kwa kikombe. Kila Nkwabi aliposema *bado*, alimwambia *geuza kwanza*. Wakageuza, wakageuza, na ghafla lile zege likakubali, likawa zito, linalainika, halitoi jasho.

Baada ya siku kumi na nne nyingine, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Nkwabi alicheza juu ya vyote viwili. Cha kawaida kilimbeba yeye, kikambeba na katekista, Mageni alipopanda kikapasuka. Cha unga kiliwabeba hao watatu, na Bernadina akapanda, na mtoto wake mgongoni. Nkwabi akawashusha wote. Akainama, akakigonga kwa nyundo, akatega sikio. Kililia kwa sauti nyembamba, safi, ya kitu kisicho na uwazi ndani.

"Limeiva," alisema. Hakutania. Na Scolastika, aliyemjua vizuri, akaona kwamba hilo ndilo neno kubwa alilowahi kusikia kutoka kwake.

Jumanne iliyofuata walimwaga daraja kwa mifuko minane. Ubao wa kufutia ulikaa kwa Scolastika mchana kutwa, na kila ndoo ya mchanga, ya kokoto na ya unga ilipita mbele yake kama watoto wanaokaguliwa kucha. Baadaye, mwezi mzima, alilipelekea maji asubuhi na jioni.

"Unamwagilia bustani, shemeji? Litaota majani?"

"Litaota watu wa kwenda kanisani. Wewe wa kwanza."

Mbao zilizolishikilia zege kwa chini ziliondolewa wiki ya Matawi. Na Alhamisi Kuu, kama ilivyo desturi yake, mvua ikaja.

Jumapili ya Pasaka asubuhi korongo lilikuwa limejaa. Maji mekundu yalipita chini ya daraja yakinguruma, yakigonga kuta, na magogo yakapita humo humo. Upande huu walisimama watu zaidi ya ishirini wamevaa vizuri, na hakuna aliyevuka. Ng'ambo, kwenye mlango wa kanisa, Padre alikuwa anatazama. Nkwabi alikuwa ng'ambo hiyo hiyo, kwenye kichwa cha daraja, amevaa koti la marehemu kaka yake, anatazama maji yanavyopita.

"Fundi!" Mageni akampigia kelele. "Mbona hulijaribu?"

"Mimi niko upande wa kanisa tayari!" Nkwabi akajibu. "Nivuke niende wapi?"

Watu wakaangua kicheko, lakini miguu haikusogea. Scolastika alikuwa na ndoo ndogo kichwani, imefunikwa kitambaa. Akavua kandambili, akazishika mkononi. Akafanya ishara ya msalaba, akakanyaga.

Alihisi baridi ya zege chini ya nyayo, na mtetemo mdogo wa maji ukipanda hadi magotini. Hakwenda haraka. Katikati alisimama, akatazama chini. Hakukuwa na ufa. Akaendelea, na alipofika alikuta Nkwabi amenyoosha mkono kumpokea, na jasho limemtoka asubuhi ile ya mvua.

"Ulikuwa unaogopa," alimwambia.

"Nilikuwa namlinda Padre."

Nyuma yake watu wakaanza kuvuka, kwanza wawili, kisha wote, wanawake wakipiga vigelegele juu ya maji.

Nkwabi alikaa benchi la mbele. Hakuna aliyemruhusu kukaa kwingine. Aliimba pia, na ni heri isielezwe aliimbaje. Wanakwaya wawili walipotea kwenye wimbo kwa sababu yake. Wakati wa kutakiana amani, Padre alishuka altareni, akaja moja kwa moja hadi kwa Scolastika, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa sana, kama analipa na ya mwaka jana. Komunyo akaipokea. Akarudi mahali pake, akakaa, na kwa muda mrefu hakufungua macho.

Lakini kabla ya hapo, wakati wa matoleo, alikuwa amekwenda mbele na ile ndoo yake. Alipoondoa kitambaa, choroko zilikuwa zimejaa zikaota kichuguu, na juu ya kichuguu alishaongeza konzi ya nyongeza, nyingine zinadondoka njiani kila anapopiga hatua.

Nkwabi aliinama kutoka benchi lake la mbele, akanong'ona:

"Shemeji. Ubao wako uko wapi?"

"Nyumbani," alinong'ona Scolastika. "Ule ni wa zege."